Bluu ya Baba

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu: kila nikitoka shule, kabla sijavua viatu, nafunua pipa la rangi ya bluu aliyoichanganya Baba, nanusa. Marehemu alinukia hivyo hivyo. Mama bado anatia rangi vitambaa vya wateja humo. Hakuna mwingine anayejua kuichanganya bluu ile.

Leo jirani wa bondeni kaja na bata kwapani. Bata wa bluu! Eti, "Mama, na huyu mmemwandikisha shule? Mbona kavaa sare?" Mama akacheka. Jirani hakucheka. Nyuma yake, mwenye nyumba: Jumamosi atakagua, mapipa yote yawe matupu, na tone la rangi lisiingie mtaroni. La sivyo, tuhame.

Jumatano, 5 Juni

Nimechoma magunzi ya mahindi ndani ya debe lililofunikwa, nipate mkaa wa kuchujia maji ya mapipa. Mwalimu wa kemia kanielekeza — nilingoja wenzangu watoke ndipo nikauliza. Mkaa una vitundu visivyoonekana. Rangi hunasa humo. Nikatwanga, nikasuuza, nikashindilia kwenye ndoo iliyotobolewa, kitambaa chini.

Dada: "Profesa Masizi, na uso wako utauchuja?"

Nikamimina maji mekundu. Yakatoka meupe! Dada akataka kuyafulia. Nikamkataza. Rangi imetoka, chumvi na dawa bado zimo.

Alhamisi, 6 Juni

Pipa jekundu tupu. La njano tupu. Mama kaniletea chai, kaniita "fundi wangu". Aliyeitwa hivyo ni Baba. Chai sikuimaliza.

Jumamosi, 8 Juni

Limebaki la Baba. Nikamimina kopo moja — likatoka bluu vilevile. Mkaa umeshiba! Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamwambia Mama imeshindikana.

"Na ule wa kwenye gunia?"

Kumbe aliuona mkaa mpya niliouficha. Nikasema basi tuhame, tutafute kwingine.

"Tuhame kwa ajili ya maji, mwanangu?"

Geti likagongwa. Dada akakimbia kumchelewesha mwenye nyumba kwa salamu — za nyumbani, za watoto, za mguu wake mbovu. Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuniko wa pipa mapajani.

"Mimina. Polepole tu."

Nikamwaga mkaa wa zamani. Nikashindilia mpya, nikausuuza mara mbili. Nikachota kopo la kwanza, nikamimina. Maji yakatoka meupe.