Betri ya Injini Haiguswi

Jumapili, 4 Mei 2025
Mwezi sasa tangu tuhame Riyadh. Hamdun kapata kazi ya kutunza boti ya tanga ya bosi, hapa Jeddah. Tunalala humo humo, mume, mke na mtoto, mpaka nyumba ipatikane.
Leo nimeanza majaribio ya siku tatu: kuchapa orodha za makontena za ofisi moja bandarini, kuzituma kabla ya saa nane mchana. Nikifaulu, kazi ni yangu.
Laptop yenyewe kuukuu. Ukichomoa waya, inazima. Na umeme wa gatini umekatwa, wanatengeneza. Hamdun kanionyesha swichi: namba moja betri za matumizi, namba mbili ya injini.
"Hiyo haiguswi, Mama Anas. Hata ukiwa unakufa."
"Nikiwa nakufa laptop ya nini?"

Jumatatu, 5 Mei
Saa saba invata, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwashe laptop, ikaanza kulia, betri imeshuka. Nimezima feni. Mkono mmoja nampepea mwanangu, mmoja nachapa. Orodha imefika. Nimechoka mpaka kope.

Jumanne, 6 Mei
Siku ya mwisho. Anas kaamka na homa, meno. Saa sita invata ikalia. Friji nimezima, bado inalia. Feni sizimi, mtoto anachemka.
Nikageuza swichi namba mbili. Kwa mkono wangu.
Saa nane kasoro kumi nimetuma. Ofisi wakajibu: halas, basi imetosha, anza Jumapili. Nimelia kidogo – raha tu. Homa nayo ikashuka. Nikajilaza na mwanangu, usingizi ukatuchukua. Swichi sikuirudisha. Tulipoamka feni imesimama.
Saa kumi na moja huyo bosi na wageni wake. Yalla, tutoke baharini. Hamdun kabonyeza injini – tk. Tena – tk. Namba moja nayo tupu.
Kashuka chini. Nikamwambia ni mimi.
"Kazi umepata?"
"Nimepata."
Akacheka kwa pua, akaenda kuazima betri boti ya jirani. Nami nikashika kalamu, niandike haya. Mzigo wa siku tatu umenitoka kifuani, siwezi kusema uongo.
Karudi sasa. Namsikia bosi juu anauliza nani kamaliza betri ya injini.
"Mimi, bosi," Hamdun anajibu.
Hapana. Hilo silikubali. Namlaza Anas, napanda.