Vidonge vya Kinga Alivyomeza Mdogo Wangu Baldur

Kituo cha Polisi Sandvik, Manitoba, Kanada
Tarehe 14 Machi 2019
Kwa Koplo Desjarlais

Jina: Solveig Finnson. Umri: miaka 61. Kazi: mpishi wa shule, mstaafu. Makazi: Barabara ya Ziwani, Sandvik.

Mimi ni dada wa marehemu Baldur Finnson, fundi wa pikipiki za theluji. Tulizaliwa wawili tu. Mwaka 2012 figo zake zilishindwa kazi, nami nikampa yangu ya kushoto. Tangu hapo nilikuwa nikimpigia simu kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Namwuliza, "Imeamkaje?" Naye hujibu, "Imeamka na kiburi, Dada, kama mwenyewe." Mpaka leo mkono huenda kwenye simu.

Tulilelewa kwa mafuta ya ini la samaki. Mama alitunywesha kijiko kila asubuhi ya baridi, ili mwili uwe na kinga. Baldur aliyaficha shavuni, akatoka nje kumtemea mbwa. Alikuwa akisema mbwa yule ndiye pekee nyumbani kwetu ambaye hakuwahi kupata mafua.

Mnamo tarehe 20 Oktoba 2018, saa nane mchana, tulikuwa kwenye ukumbi wa mji kwa chakula cha kuchangia kanisa. Nilikuwa napakua supu ya kondoo. Karibu nami Bi Thora Eyford alikuwa na meza ya chupa za vidonge. Alisema ni vitamini pamoja na majani ya kuongeza kinga ya mwili. Alikuwa amehamia kwetu kiangazi kile.

Baldur alipofika mezani kwake, Thora alimwambia, "Bwana Baldur, msimu wa mafua huu. Usije ukatuambukiza."

Baldur akasema, "Nyie ndio mtaniambukiza uzee."

Watu wakacheka. Thora akamwuliza kama ana ugonjwa wowote, au kama anameza dawa za hospitali.

Baldur akajibu, "Mimi? Naumwa njaa tu. Muulize yule dada yangu mwenye upawa."

Thora hakuniuliza. Nami nilikuwa na foleni ya watu, sikumwona Baldur akinunua.

Kwa miaka sita watu wa hapa walimsalimu kwa sauti ya chini, wakitaka kujua majibu ya damu yake. Thora alikuwa mgeni, hakujua. Nadhani ndiyo maana Baldur alisimama pale mezani muda mrefu vile.

Mwezi Desemba figo ilikataliwa na mwili. Daktari alinieleza kuwa mtu aliyewekewa figo ya mwenzake humeza dawa za kutuliza kinga, ili isiishambulie figo hiyo kama mgeni. Mmoja wa mimea iliyokuwa kwenye vidonge ulipunguza nguvu ya dawa hizo. Nilimwuliza kama vitamini kweli huongeza kinga. Alisema aliyepungukiwa husaidika, ila anayekula vizuri haongezewi kitu kikubwa. Kwa mdogo wangu, kinga yenye nguvu ndiyo iliyokuwa hatari. Baldur alirudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Alifariki tarehe 2 Februari, moyo wake uliposimama.

Malalamiko haya dhidi ya Thora yameletwa na binti wa Baldur, Freyja. Leo asubuhi aliniambia, "Shangazi, wewe ulikuwepo. Waambie Thora alijua. Mji mzima unajua."

Nilimwambia nitasema nilichosikia.

Akasema, "Haya, kaseme. Halafu tuone kama bado una ndugu."

Amenileta yeye, na ananisubiri nje kwenye gari. Sina mwingine wa damu yangu. Lakini Thora aliuliza, na Baldur akamjibu kuwa ni mzima. Alilisema jambo hilo kwa furaha. Ningetoa figo iliyobaki niisikie tena sauti ile.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema kwa hiari yangu. Nina ombi moja: jalada hili likifungwa, mumkumbuke mdogo wangu kwa jina lake, Baldur, si kwa figo.

Sahihi: S. Finnson

Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu saa tano asubuhi. Ameomba kukaa kidogo ndani ya kituo kabla ya kutoka kwenda kwenye gari. Nimemruhusu.

Koplo R. Desjarlais