Mkia wa Treni ya Saa Kumi

Bahnhofstraße 3,
Hollensrode.
17 Novemba 2019

Shemeji yangu mpendwa Ewald,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na tope. Hujambo? Mkeo Rosario hajambo, na goti lake linaendeleaje? Huko Chile najua joto limeanza, basi liote pia kwa niaba yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafua nguo za mtu mmoja. Kuna swali nataka kukuuliza ambalo limenishinda kwenye simu mara tatu, lakini niache nilifikie polepole.

Kwanza stesheni, maana najua utaiulizia. Treni bado zinasimama, ila hakuna tena mtu wa kuziongoza. Ishara zinawashwa na kompyuta iliyoko mji mwingine. Kile kijumba cha ishara alimokaa babu yenu, kisha baba yenu, kisha ndugu yako Gerold, na mimi nikipokezana naye zamu kwa miaka ishirini na sita, kilitiwa kufuli juzi Ijumaa.

Usingepatambua. Njia sita za reli zimebaki mbili. Pale mlipokuwa mkiiba viazisukari kwenye mabehewa wakati wa mavuno, magugu yamefika kiunoni. Dirisha la tiketi sasa ni duka la kupaka kucha rangi, na ukumbi wa abiria ambao mama yenu alikuwa akiupiga deki kwa magoti unauza mikate. Mikate yenyewe si mibaya.

Siku ya Ijumaa walikuja wakubwa wawili na maua, pamoja na mpiga picha wa gazeti. Nilitakiwa nivute wenzo wa ishara kwa mara ya mwisho. Gerold na mimi tulikuwa tumekubaliana tangu kiangazi kwamba tutaushika pamoja, yeye na ustaafu wake na mimi na siku yangu ya mwisho. Niliuvuta peke yangu. Wenzo ulikuwa mzito kama siku zote.

Treni ya saa kumi na dakika kumi na mbili ilipoingia, nilitoka nje nikasimama mlangoni.

“Mama, geukia huku, kichwa cha treni kimeshapita!” mpiga picha akanipigia kelele.

“Subiri,” nikamwambia. “Haijaisha.”

Wewe huhitaji kuelezwa. Umekulia nyumba ambamo babu aliitwa Mzee Supu mpaka kaburini. Mwaka 1926 hakutoka nje kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, akapiga simu kwamba treni ya viazisukari imefika, kumbe nusu ya mabehewa ilikatika ikabaki kwenye mteremko. Treni ya maziwa ikayavaa. Hakufa mtu, ila mji mzima ulikanyaga supu ya maziwa na viazi wiki nzima. Tangu hapo hakuna mtu wa ukoo wenu aliyesema treni imefika kabla ya kuviona kwa macho yake vile vibao viwili, vyekundu na vyeupe, nyuma ya behewa la mwisho, yaani mkia. Nami nilipoolewa nilifunzwa hilo kabla ya kufunzwa kupika.

Basi nikauona mkia, nikaingia ndani, nikampigia Hartwig wa stesheni ya Wettmarsen.

“Treni imefika nzima.”

“Imefika nzima, nimesikia,” akasema. Kisha, “Haya, Irmtraud. Kuanzia kesho ukipishana na treni, ipungie mkono tu kama wenzio.” Alitaka kucheka, sauti ikamkatika, nikamsikia analia. Mimi nilichukua kitambaa nikapangusa meza.

Ndivyo nilivyo, shemeji. Sijalia hata mara moja tangu Gerold afariki. Si uchungu wala si utulivu, ni ganzi. Anke mwanangu anasema niende kwa daktari.

Anasema hivyo kwa sababu ya yale ya mazishini. Jeneza lilipotolewa kanisani, mjane ndiye wa kwanza kulifuata, hilo linajulikana. Mimi nilisogea pembeni ya mlango, nikawaacha watu wote wanipite, mpaka mzee wa mwisho mwenye mkongojo. Nikatazama saa, nikatoa daftari mfukoni.

“Mama, unafanya nini? Watu wanakutazama!” Anke akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeandika: saa nane na dakika saba, wote wamepita. Wakati wa kahawa na keki ya siagi hakuna aliyeligusia jambo hilo, na kila mtu aliniongezea keki.

Anke na mumewe wanawasalimu. Hartwig naye anakukumbuka, anasema bado una deni lake la baiskeli uliyoivunja mwaka ule. Msalimie sana Rosario, na umbusu Matías wenu, ingawa najua sasa ana ndevu.

Sasa swali.

Jumanne ile ya mwisho hospitalini muuguzi aliniambia, “Nenda ukanywe kahawa mama, huyu haendi popote.” Nikashuka. Niliporudi na kikombe, Gerold alikuwa ameshaondoka. Muuguzi akasema wewe ulipiga nilipokuwa chini, akamshikia simu sikioni, mkaongea, na simu ilipokatika naye akawa amekwisha. Tangu hapo tumezungumza mara tatu, wewe ukiniuliza jeneza, mimi nikikuambia maua.

Unaijua kanuni. Asiyeuona mkia haruhusiwi kusema treni imefika. Anapiga simu stesheni ya mbele, anaomba watazame wao. Mimi sikuuona, Ewald. Miaka ishirini na sita sikukosa hata mmoja, na huo nimeukosa kwa ajili ya kahawa. Stesheni ya mbele yangu ulikuwa wewe. Niandikie alisema nini, neno kwa neno, hata kama ni upuuzi, hata kama hakunitaja. Nimeacha mstari mmoja wazi kwenye daftari.

Mungu awalinde huko mliko, na barua hii isichelewe njiani.

Shemejiyo akupendaye, anayesubiri,
Irmtraud