Mama wa Ramoni Ananiita Ng'ambo

Geita, kambini
Jumapili, baada ya mvua za kwanza

Dada yangu Kabula, Mama Shija,

Shikamoo. Naianza barua kwa shikamoo ijapokuwa umenizidi miaka miwili tu, maana najua usipoiona hutasoma mstari wa pili. U mzima? Shija amepona surua? Na goti la Bibi, bado linamsumbua akiamka? Mimi nakula, nafanya kazi, ila nimekonda, na sababu ya kukonda ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nakuomba usome peke yako. Majirani wakija kutaka kusomewa habari za Geita, waambie nimewasalimu wote na kwamba dhahabu bado iko ardhini.

Nataka kusafiri, dada. Si Mwanza, si Tabora. Nataka kwenda Buenos Aires, mji ulio ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, nikae huko miezi kadhaa, niongee Kihispania mpaka kinyooke, na nicheze tango na watu wanaoijua. Cheka basi. Hapa kambini wamekwisha kucheka wote. Mpishi ameniuliza kama nchi yetu imeishiwa ngoma hata niifuate nyingine kwa meli. Ukimaliza kucheka tafuta mahali uketi, kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Unamkumbuka Ramoni, fundi wa pampu niliyekuandikia habari zake, yule Mhispania wa Buenos Aires? Nilikuambia amefariki. Sikukuambia alifarikije. Nilikuwa msaidizi wake. Wazungu wengine hawakumkaribisha mezani kwao, labda kwa sababu suruali yake ilikuwa na grisi siku zote, na alicheka kwa sauti kubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kazi tu: lete, shika, kaza, legeza. Kihispania changu kilikuwa cha tango tu: kushoto, kulia, ngoja, tena. Jioni alikuwa akiweka santuri mbele ya kibanda chake na kunifundisha. Kwao wanaume hufundishana wenyewe kabla ya kumshika mwanamke, na anayeanza ndiye anayeongozwa. Basi niliongozwa mwaka mzima. Kiganja chake cha kulia kilikaa mgongoni mwangu, chini kidogo ya bega, kikisukuma au kuvuta, na miguu yangu ikatii. Wewe uliyesema miguu hii ni ya kukanyagia udongo wa matofali ungeshangaa.

Msimu uliopita, baada ya mavuno, wafanyakazi walishindana ngoma kama kwetu: Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wakicheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watu wengi ndio unaoshinda. Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya Bagika kwa kuwa ni mtoto wa Baba, mganga wa ngoma yao. Mara mbili watu walitukimbia. Bagalu walikuwa na mtu mwenye chatu, nasi tulibaki tunachezea vumbi letu. Niliona aibu kubwa. Nikatuma mtu nyumbani Samuye, na Baba akaniletea dawa yake ya ngoma ndani ya pembe, pamoja na mwiko wake: aliyepakwa asishuke chini ya miguu ya watu, si kisimani, si shimoni, mpaka aoshwe siku ya nne. Unaujua. Kila msimu wewe ndiwe uliyemchotea Baba maji ili asikisogelee kisima.

Nilijipaka mwenyewe, kisha nikampaka Ramoni nyayoni.

"Mafuta?" akauliza.

"Mafuta," nikajibu.

Akacheka, akavaa viatu vyake vya ngozi. Tukatoka uwanjani, santuri juu ya pipa, tukacheza tango mbele ya watu ambao hawajawahi kuona wanaume wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wakitembea kifua kwa kifua na nyuso za msibani. Kwanza walikuja watoto, halafu wanawake, halafu wapiga ngoma wa Bagalu wenyewe wakaziacha ngoma zao. Yule mwenye chatu alibaki na chatu wake. Nilishinda, dada. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Mwiko sikumwambia. Nilijidanganya kuwa sina maneno, kwamba katika lugha yake najua kushoto na kulia tu. Lakini ningeweza kumshika mkono, nikamwonyesha shimo, nikatikisa kichwa. Angeelewa. Niliogopa atanicheka, mimi niliyemwonyesha kila siku kuwa ninaijua pampu kama yeye.

Kesho yake, Jumatatu, nilibaki kibandani nikisema nina homa, kwa sababu mimi mwiko nilikuwa naujua. Asubuhi pampu iliziba. Ramoni alikuja mlangoni na spana mkononi.

"Wewe gonjwa?"

"Mgonjwa."

"Lala, lala. Mimi kaza."

Akashuka peke yake. Jua lilikuwa halijafika utosini nguzo za shimo zilipovunjika. Nilisikia kelele nikiwa nimejifunika blanketi, bila homa yoyote.

Nimelitazama jambo hili kwa njia mbili. Kama dawa ya Baba ina nguvu, nimemuua kwa kunyamaza. Kama haina nguvu, basi nilipaswa kuwa pembeni yake nikishika taa na kutazama zile nguzo, kama nilivyofanya kila siku, na sikuwepo. Sijaipata njia ya tatu. Tangu siku hiyo sijaoshwa, kwa kuwa niliona haya kuoshwa mimi ilhali yeye hakuoshwa, na sijashuka shimoni tena. Nafanya kazi juu, kwenye mabirika ya kuoshea mchanga wa dhahabu.

Nawe unajua mimi si mtu wa kuota ota. Ramoni haji ndotoni. Afadhali angekuja huko, ningeamka. Huja mchana kweupe, nikiwa nimebeba ndoo au napanga kuni. Nakisikia kile kiganja mgongoni, chini ya bega, kikinisukuma, na miguu inatii kabla sijafikiri. Wiki iliyopita nilirudi nyuma hatua nne mbele ya watu, nikazunguka, nikasimama. Mama mmoja anayetuuzia uji aliniuliza, "Unacheza na nani, baba?" Nikasema niko peke yangu. Akasema, "Mbona umemwachia nafasi?" Tangu hapo hataki nichukue uji mkononi mwake, huuweka chini.

Sasa sikia habari ya safari. Ofisi ilimwandikia mama yake Ramoni, na mama akajibu kwa Kihispania. Hapakuwa na mtu wa kuisoma, kwa hiyo karani alinipa mimi, eti ndiye mjuzi. Nilitembea siku mbili hadi misheni, kwa padri mmoja mzee anayeijua lugha hiyo. Akaisoma polepole. Barua nzima ilikuwa na swali moja: nani alikuwa na mwanangu?

Padri alinitazama akingoja. Nikasema, "Mimi."

Aliandika nilivyosema. Hakujua kuwa si kweli. Ilichukua miezi mingi, na mwezi uliopita jibu lilifika. Yule mama anasema tangu apate jina langu analala usingizi. Anasema yeye ndiye aliyemfundisha Ramoni tango, jikoni kwao, akiwa mdogo wa kufika kiunoni pake. Anasema mtu aliyeongozwa na mwanawe mwaka mzima lazima hatua zake zimo mwilini mwake, naye ni mzee, anataka kuzishika mara moja tu kabla hajafa. Kitanda cha Ramoni kimetandikwa. Nije, nimweleze maneno yake ya mwisho, kwa lugha yake, kwa kinywa changu.

Dada, nililia mbele ya padri kama mtoto.

Naweza kumwomba padri aandike kweli na nibaki hapa. Lakini nilishamjibu kwa mkono wa mtu mwingine, na angalia nilichosema. Safari hii nataka kusema mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake, kwa Kihispania kisichohitaji mtu wa kunisaidia. Kwanza nitajifunza bandarini na mitaani, kwa wapagazi na wauza samaki, mpaka niweze kusema kuwa sikuwepo na kwa nini sikuwepo. Kisha, kama bado ananitaka, nitacheza naye.

Karani mmoja Mgoa wa Mwanza amenitafutia kazi katika meli, kwa kuwa najua boila, mtungi wa mvuke unaoendesha pampu yetu. Ni kazi ya kuchochea makaa. Na hapa ndipo penye shida. Wachochea makaa hukaa chini kabisa, chini ya maji, chini ya miguu ya abiria wote, nami nina dawa ya Baba mwilini, sijaoshwa. Siku ya nne ikishapita, hakuna anayeweza kuiosha ila yeye. Na ili aioshe lazima ajue. Unaijua desturi yetu: dawa ikimla mtu asiye na kosa, mwenye dawa huitupa yote mtoni, hutoka mbele ya ngoma, na hachezi tena na wenzake uwanjani. Baba hana kingine anachokipenda. Nimekaa na barua hii wiki nzima kwa sababu hiyo.

Treni itapita Shinyanga Jumatano ya tatu tangu leo, asubuhi, na husimama muda mrefu wakipakia pamba. Nitasimama mlangoni, behewa la nyuma.

Msalimie shemeji, mwambie jembe alilonituma nitamnunulia Mwanza. Msalimie Bibi, mpake goti lake mafuta ya samli kwa niaba yangu. Mbusu Shija. Mwalimu wako wa misheni aliyekufundisha kusoma mpe shukrani zangu, ingawa leo huenda ukatamani asingekufundisha.

Baba usimpe salamu zangu. Msomee barua hii yote, hata hapo nilipoitilia shaka dawa yake, hata pale pa ushindi. Akitaka kunilaani, na aje stesheni anilaani. Akija na kibuyu cha maji, nitavua shati mbele ya abiria wote. Asipokuja, mwambie sitamlaumu, na safari sitaiacha: nitashuka kwenye makaa vivi hivi, bila kuoshwa, kama alivyoshuka Ramoni, ila mimi nimeambiwa.

Ni mimi mdogo wako,
Luhende