Maji ya Kunawa

Jumatano, 5 Machi

Meza kumi na nne mgahawani. Waliokula mchana ni watu wawili, wageni wa mradi fulani, wanaondoka Eldoret kesho. Wakasema chakula ni kitamu sana. Najua ni kitamu. Hilo sikuuliza.

Nimepangusa glasi ambazo hakuna aliyezinywea. Nimekunja upya vitambaa ambavyo hakuna aliyevikunjua. Hoteli ya mkabala, ile ya mabati yenye masizi, ilikuwa imejaa mpaka watu wanakula wamesimama. Ugali na matumbo. Wivu ulinikaba, sitajidanganya.

Alhamisi, 6 Machi

Leo wamekuja wakulima wanne. Makoti mazito, viatu vimepigwa rangi. Watu wa uwezo kabisa. Walisimama mlangoni wakiangalia huku na huku. Nikadhani wanapendezwa na picha ukutani.

Mmoja aliagiza ugali. Ugali wangu naufinyanga kwa kikombe, vidonge vitatu, na sosi ya uyoga pembeni. Aliuangalia kama mtu aliyeletewa kiatu cha mtoto. Akauliza kwa upole ule mwingine uko wapi. Nikamweleza kwamba ndivyo unavyoandaliwa. Akasema sawa.

Walikula, wakashukuru, wakaenda. Heshima tele. Heshima hiyo ndiyo inaniua. Hawagombi, hawalalamiki. Hawarudi tu.

Mama Naliaka, tunayepika naye, alikuwa kwenye dirisha la jikoni akiona yote. Akasonya. Nikamuuliza anasonya nini. Akasema hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana mzima, hakuna mtu. Nikamfuata Mama Naliaka kwenye jiko na kumwambia leo atasema. Akafunga gesi kwanza. Halafu akasema, "Madam, watu hawana pa kunawa mikono."

Basi. Hilo tu.

Nilipochukua mahali hapa, palikuwa na sinki karibu na mlango. Mifereji mitatu, mmoja wa maji moto, kipande cha sabuni kwenye wavu. Ndicho kitu cha kwanza nilichong'oa. Nilisema panafanana na bweni la shule. Doha, kwenye hoteli niliyopikia miaka sita, hakuna sinki ukumbini. Nikaweka maua ya plastiki pale pale. Anayetaka kunawa aende chooni, mwisho wa korido.

Na nani kwetu ananawa chooni halafu anakuja kula? Hata mimi siwezi. Nimelelewa hivyo. Sijui mtu anasahauje kitu kama hicho. Mjinga mimi.

Kisha akaniambia la pili. La Baba. Afadhali angenyamaza.

Nitaliandika kwa sababu sijawahi. Siku ya kufungua, Novemba, Baba alitoka nyumbani Moiben na koti lake la kanisa. Alibeba mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu cha Mama, kile marehemu alichokipamba kwa shanga. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda kukificha stoo nyuma ya magunia ya unga. Kulikuwa na wageni. Niliogopa harufu ya maziwa na mkaa.

Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya maua, mikono imenyooshwa mbele, anatafuta maji. Nikamletea kitaulo cha moto kimeviringishwa juu ya kisahani, kama tulivyofanya Doha. Alikitazama sana. Akajipangusa uso. Mgeni mmoja akacheka. Na mimi nikacheka.

Aliketi mikono juu ya mapaja. Hakugusa kitu. Alisema ameshiba. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Kumbe Mama Naliaka, siku hiyo alipotoka kununua dania, alimkuta kibandani nyuma ya stendi. Anakula ugali na maharagwe, koti limefungwa vifungo vyote. Baba akamsalimia. Akamwomba asiniambie.

Tangu hapo hajakanyaga hapa. Ng'ombe anazaa, jino linauma, barabara ni mbaya. Na mimi nikawa nawaambia watu kwamba wazee hawapendi mji.

Jumapili, 9 Machi

Nimeenda Moiben kuomba msamaha. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno.

Baba alinipokea vizuri mno. Chakula kilipoletwa akachukua jagi yeye mwenyewe, akanimwagia maji mikononi. Baba, kumnawisha binti yake! Nilijaribu kumnyang'anya jagi, akakataa. Sijui kama alikuwa ananifundisha au ananikaribisha tu. Yeye hana tabia ya mafumbo. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Tukaongea habari za mbegu na mvua. Nikauliza atakuja lini mjini. Akasema chakula changu ni kizuri, ila ni cha watu wanaokielewa. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

Nimerudi na lita tatu za maziwa na msamaha wangu wote mdomoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetupa maua. Nimempigia fundi wa mifereji. Anauliza sinki iwe upande gani ili isionekane. Nikamwambia iwe pale mlangoni, kila mtu aione.

Ijumaa, 14 Machi

Sinki imekaa. Maji moto yanatoka. Nimenawa mara nne bila sababu.

Mama Naliaka nimemwachia ugali, aupike kwa njia yake. Unaletwa mzima juu ya ubao, katikati ya meza, mtu anakata anachotaka. Kuku kienyeji, lakini kwa sosi yangu. Sosi sijaachilia, na sitaachilia. Chai ya maziwa kwa chupa, siyo kikombe kimoja kimoja kama dawa. Meza za watu wawili wawili tumeziunganisha. Niliziweka kama Eldoret ni mji wa wachumba watupu. Mtu hapa akiwa na siku njema anakuja na shangazi, na shemeji, na yule waliyekutana naye njiani.

Mama Naliaka sasa anatembea kama mwenye nyumba. Wacha atembee.

Jumapili, 16 Machi

Watu kumi na tisa kutoka kanisani, mara moja! Halafu familia nyingine. Halafu wale wakulima wanne, na wake zao.

Nimesimama kuangalia ile foleni ya sinki. Wanasalimiana pale. Wanaulizana habari za nyumbani maji yakimwagika. Mama mmoja amemwinua mtoto chini ya mfereji, mtoto anapiga kelele kwa furaha. Wanapofika mezani wameshaanza kula, ni vile tu mdomo bado hauna kitu. Miaka sita Doha nilijifunza kupokea wageni na hili sikulijua.

Nikaingia stoo kulia. Kibuyu kiko pale pale nyuma ya unga, kizibo hakijawahi kufunguliwa. Miezi minne. Nilikifungua. Harufu yake sitaiandika.

Nimekisugua mpaka vidole vikauma. Shanga hazijatoka hata moja. Nitamrudishia mwenyewe, akija.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Baba. Hotuba yote ikapotea, nikasema tu, "Baba, siku hizi kuna maji."

Nikadhani laini imekatika. Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha polepole. Akauliza kama ni ya moto. Nikasema ni ya moto. Akasema basi Jumamosi atakuja, nisimwekee ule ugali wa kikombe.

Akauliza alete mursik? Nikasema alete, itakaa katikati ya meza, mbele ya watu wote. Akasema sawa, mama. Hajaniita mama tangu niende Doha.

Nimefurahi vibaya. Usingizi utatoka wapi.

Ijumaa, 21 Machi

Jirani amepiga simu saa nne asubuhi. Baba ameanguka.

Alikuwa ameketi nje anasugua kibuyu kingine kwa mkaa. Mursik ya kesho. Jirani anasema kibuyu kilitangulia kutoka mkononi, halafu yeye.

Kiharusi. Upande wa kulia wote.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ndiyo leo. Nimeshinda hospitali kwenye kiti cha plastiki. Baba macho yako wazi, maneno hakuna. Daktari anasema tungoje. Tungoje nini, hasemi.

Jioni nimepitia mgahawani kuchukua shuka. Umejaa. Kelele, vicheko, foleni kwenye sinki. Meza moja tu tupu, ile ya karibu na maji. Mama Naliaka alikuwa ameiwekea kitambaa na hakuruhusu mtu aikalie mchana wote. Nilitaka kumgombeza, meza inakaaje bure siku ya Jumamosi. Nikakinyoosha kile kitambaa.

Nimewachukia watu wote waliokuwa wanakula. Mmoja mmoja. Naandika hivyo hivyo, ndivyo nilivyohisi.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia. Kibuyu, stoo, kitaulo, kile kicheko changu. Kibanda pia, kwamba najua. Nimesema pole mpaka neno likaisha ladha.

Aliangalia dari. Chozi lilitoka jicho la kushoto. Daktari anasema macho ya wagonjwa hawa hutoa maji tu, nisiyatie maana. Nitayatia maana nitakavyo.

Jumatano, 16 Aprili

Moiben. Tumemrudisha nyumbani juzi. Majirani wamempandia mahindi, na mvua imekuja kwa wakati wake.

Nimeleta chakula kutoka mgahawani, nimekifunga kwa taulo kisipoe. Ugali wa Mama Naliaka, mboga ya managu, kuku na sosi yangu. Mara ya kwanza Baba kula chakula cha kwangu. Na nitamlisha kwa kijiko, yeye ambaye maisha yake yote hakukitaka.

Nikaleta kijiko mdomoni. Akafunga mdomo. Nikabembeleza. Akafunga zaidi. Nikajaribu uji, akageuza uso ukutani. Nikakasirika, haki ya nani, nikamwambia huu ukaidi utamuua. Kisha nikamwona anaangalia chini, kwenye blanketi, ulipolala mkono wake wa kulia.

Ai, Baba.

Nikaenda kuchemsha maji. Nikaleta jagi na karai na sabuni. Nikaanza na mkono wa kushoto. Halafu ule wa kulia, ambao daktari amesema hautashika kitu tena. Kidole kwa kidole, na chini ya kucha. Ulikuwa mzito na baridi. Niliushika ndani ya maji mpaka ukapata joto. Nikaufuta, nikaurudisha juu ya blanketi.

Akafungua mdomo.

Amekula chote, na sosi. Nimemwaga maji ya karai nje, karibu na mahindi, nikaosha vyombo.