Kwenda Izumacheli Kutazama Jua Likipatwa

Jumatatu, 28 Oktoba
Mageti mawili leo. La pili limetoka na mshono uliopinda. Mwenye karakana kaupitishia kidole. Nimeusaga, nikachomelea upya. Matone ya macho asubuhi na jioni. Joto kali hapa Songwa.

Jumatano, 30 Oktoba
Redio imetangaza: Jumapili jioni jua litapatwa. Litafunikwa lote kaskazini mwa Uganda. Kwetu sehemu kubwa. Nitakwenda kwa dada Nshoma, kisiwani Izumacheli. Magharibi kwake ni ziwa tupu, hakuna kilima. Nina miaka hamsini na mbili na sijawahi kuliona. Macho haya hayatangoja jingine.

Mke wangu hataki. "Baba Mbuke, daktari kakukataza mwanga mkali, wewe unalifuata jua lenyewe?"

Nimesema nina kioo cha kuchomelea. Anajua jicho la kushoto ni dhaifu. Hajui daktari alisema linakufa. Mimi mwenyewe nimekataa kuamini.

Ijumaa, 1 Novemba
Basi hadi Kahama, jingine hadi Geita. Kuna mtu alikaa kushoto kwangu. Nimejua yupo aliponigusa bega.

Nyumba ya wageni imejaa wachimbaji, vumbi jekundu hadi masikioni. Wanazungumza dhahabu. Hakuna anayezungumzia jua.

Jumamosi, 2 Novemba
Mwaloni Nkome, mitumbwi inapotia nanga. Upepo. Mtumbwi wa injini haukutoka hadi saa tisa. Katikati ya ziwa mawimbi yakaingia, tukachota maji kwa madumu yaliyokatwa. Niliogopa sana. Niliona ni upumbavu kufa kwa ajili ya hili.

Tumefika. "Shikamoo, dada." "Marahaba. Umekonda, Shija." Sato na ugali wa muhogo. Nimekula kama mgonjwa aliyepona.

Jumapili, 3 Novemba
Mawingu hadi alasiri, kisha yakapasuka. Saa kumi na ushei jua likaanza kuliwa upande mmoja.

Nilisubiri hadi likabaki kidogo. Nikaanza na jicho la kushoto, kusudi. Giza. Nikadhani ni kioo. Nikahamishia la kulia: jua jembamba, la kijani, kama ukucha. Nikarudi kushoto. Giza. Basi.

Nikampa dada kioo. Akatazama, akacheka peke yake. Kisha: "Mbona wewe umeacha?"

Nikamwambia. Moja limekufa, la pili huenda likafuata, nyumbani hawajui.

Hakuondoa kioo usoni. "Hayo hukupaswa kuniambia mimi kwanza," alisema. "Kamwambie mkeo."

Saa kumi na moja na dakika ishirini. Mwanga wa rangi ya majivu. Ubaridi. Kuku wakaingia bandani. Jiko la dada limezibwa kwa bati kuukuu upande wa ziwa, lina matundu ya misumari. Ndani, kwenye ukuta wa udongo, mwanga wa matundu umechora vijua vidogo kumi na kitu, vyote vimepinda. Nilivitazama mpaka vikanenepa, jua likirudi. Sikuwa na furaha wala huzuni. Nilitaka tu visiondoke.

Jumanne, 5 Novemba
Nimefika nyumbani mchana. Mama Mbuke alikuwa uani, anamenya viazi vitamu. Nikakaa, yeye akawa kushoto kwangu. Akauliza nimeona nini huko.

Nikasema jicho la kushoto limekufa.

Kisu kikasimama. Akauliza tangu lini. Nikasema sijui.

Akainuka, akahamishia kigoda chake kulia kwangu, akaendelea kumenya.