Sare Yetu ya Kizwite

Deo, mtani wangu,

Mengi yametokea tangu tukuzike, na mengine nimeyasababisha kwa mdomo wangu huu unaoujua. Cherehani yako ipo palepale barazani. Mkeo Ana ndiye anayeikalia sasa, anapunguza suruali za mitumba kama ulivyokuwa ukifanya, ila kwake miguu yote miwili inatoka sawa.

Ile fainali yetu ya drafti bado inazungumzwa mtaani kwako Kizwite. Mimi nina kingi tatu, wewe umebakiwa na moja, umeiketisha kwenye ule mstari mrefu wa kona kwa kona, na hung'oki! Nikatoka jasho, na baridi yote ile. Wewe unapuliza chai tu: "Msukuma, kete siyo ng'ombe. Huwezi kuziswaga kwa fimbo." Watu hoi. Sare. Tukakubaliana turudiane Jumamosi, mshindi achukue kombe. Jumamosi haikukukuta, Deo. Homa ile...

Makaburini nikafanya kazi yangu ya utani. Nikakaa juu ya lundo la udongo, nikazuia majembe: "Mfipa huyu ameogopa marudiano! Amekimbia! Mtoeni!" Watu wakacheka, hata Ana, ambaye hakuwa ameinua uso tangu asubuhi. Nikaridhika, nikapisha majembe. Kulia nikalilia nyumbani, huko Mollo, ng'ombe wakinishangaa.

Kumbe mwenyekiti wa mashindano alikuwa ananisikiliza kwa sikio jingine. Akanifuata na kombe mkononi. "Mwenyewe ulitamka mbele ya watu kwamba amekimbia. Anayekimbia ameshindwa." Nikamwambia, mzee wangu, utani wa msibani hauingii kwenye matokeo. Hakusikia. Akaliacha mezani, akaenda zake.

Nisikufiche, linang'aa. Nililitazama mpaka mke wangu akaniuliza kama naposa.

Kesho yake nikalipeleka kwako. Nikamweleza Ana: hili ni la sare, likae hapa mpaka mahindi yavunwe, halafu kwangu mpaka yapandwe, na hivyo hivyo kila mwaka. Akaligeuza, akaligonga kwa ukucha. "Sawa, shemeji. Ila ukija kulichukua usije mikono mitupu. Njoo na maziwa."

Nitakwenda nayo. Pumzika, Deo. Na atakayeniuliza bingwa wa Kizwite ni nani, nitamjibu bado hajapatikana.

Mtani wako,
Masanja